Mizani ya Mangi

Mizani ilikuwa ya Mangi, ya ndoano, ya kupimia magunia.
Mwalimu Kinunda aliiazima kila Januari
akaifunga kwenye mlingoti wa goli, nyuma ya bandari kavu ya Kurasini,
nasi tukaning'inia mmoja mmoja,
shati begani, magoti yamekunjwa,
yeye akiandika kwa kalamu nyekundu.

Shomvi: thelathini na mbili na nusu.
Mimi: themanini na moja.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Mwalimu alisoma mara mbili,
akaniangalia kama mtu aliyeokota pochi.

Toka siku ile nikaitwa Greda.
Somo langu la raga lilikuwa neno moja: Nenda.
Nikaenda.
Watoto wa Upanga, wa Oysterbay, wenye viatu vya meno,
waliniganda kiunoni kama kupe, nikaenda nao,
nikalaza mpira ng'ambo ya mstari, na wao juu ya mpira,
na wazazi pembeni wakadai cheti cha kuzaliwa.
Mama alikuwa nacho kwenye mkoba. Alishazoea.

Shomvi alifua vizibao vyetu.
Akimaliza kuanika alibaki na mpira mmoja uliovuja
na tairi la bajaji alilolitundika kwenye uzio.
Kulia mara hamsini. Kushoto mara hamsini.
Malori ya makontena yakipita, vumbi likimmeza,
tulisikia tu: du! Du! Kisha kimya.
Kimya ndiyo ilikuwa imepita katikati.
Tulimcheka. Mkono wa msalani
una kazi gani na mpira?

Miaka ikafanya kazi yake bila kelele.
Wenzangu waliota mabega wakati wa likizo,
wakarudi na sauti za baba zao.
Mimi nilikuwa nimeshamaliza kukua,
kama mtu aliyekula daku saa mbili usiku.

Kidato cha nne, dakika ya mwisho, tunadaiwa pointi nne.
Wanne walinidaka, wazito kama mimi,
magoti yakaanza kuniishia,
nikasikia ubavuni: "Greda! Kushoto!"
Kulikuwa wazi hadi kwenye mstari. Shomvi, peke yake,
viganja mbele, jezi ikimpwaya bado.
Mpira huu hupasiwa nyuma ili timu iende mbele;
hilo nalijua leo. Siku ile mikono yangu
ilijua kukumbatia tu.
Nikaanguka nao, kama mgonjwa na beseni lake.
Filimbi.

Hakuna aliyenilaumu. Mwalimu alinipigapiga mgongoni,
macho yake yako kando,
kwa mtoto mmoja wa kidato cha kwanza,
mnene, anayevua shati.

Sasa Jumamosi ni zangu, filimbi ninayo mimi.
Mizani sijaenda kuiazima.
Masalu ana miaka kumi na miwili, viatu namba arobaini na nne.
Namsimamisha mbele ya tairi, mkono wa kulia mfukoni.
Analalamika, anakosa, anaokota, anakosa.
"Mwalimu, nitaanza lini kuwabomoa?"
Ukipitisha kumi mfululizo, namwambia.
Ameshafika sita.

Lakini juzi, tukiwa nyuma kwa pointi tatu,
muda umekwisha, wazazi wamesimama,
Masalu ana mpira, mbele yake vitoto viwili vinatetemeka,
na mdomo wangu, huu huu, ukapaza:
"Nenda!"

Akageuza shingo, akaniangalia.
Akapasia kushoto.
Chini mno, kwenye magoti ya mwenzake,
ukadunda ovyo kama yai lililokataa kupasuka,
ukatoka nje. Tukafungwa.

Alikuja kwangu taratibu, kichwa chini, kandambili mkononi.
Ile, nikamwambia, nimeihesabu.
Saba.